Mlio wa Kranki

Hakuna fundi aliyeipenda geji kama yule mama. Wenzake walipima kwa jicho wakasema "imekaa hiyo". Yeye alitoa maikromita, geji ya kupimia hata unene wa unywele, kwenye sanduku lake la mbao, akaipangusa, akapima mara tatu, na mara ya tatu alizunguka upande wa pili wa meza kama mtu anayetaka kumfumania mwizi. Wakamwita Mama Geji. Jina likamganda, na mwishowe akaliandika mwenyewe kwenye kibao cha gereji, maana ukikataa utani ndipo unapokolezwa.

Kazi yake ilikuwa injini za mashindano: kuzifungua, kuzichagulia vya ndani, kuzifunga upya ziwe na nguvu kuliko zilivyotoka kiwandani. Gereji ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha kufungulia, na sakafu yake ilikwisha kuwa nyeusi kwa oili ya miaka. Cha nyuma kilikuwa cha kufungia, cheupe, kimefagiwa, na mtu aliingia humo kwa kuvua viatu. Kati ya vyumba hivyo ilipita boriti ya chuma, na kwenye boriti palikuwa na ndoano.

Ndoano ile ilikuwa ya kupimia kranki. Kranki, au krankshafti kwa jina lake refu, ndiyo uti wa mgongo wa injini. Pistoni hupanda na kushuka, na kranki hugeuza panda-shuka hiyo kuwa mzunguko unaofika kwenye magurudumu. Kranki nzima, ukiitundika na kuigonga kwa nyundo ndogo, hulia mlio mrefu unaofifia taratibu, kama mtu anayeondoka huku anaimba. Yenye ufa, hata ufa ambao jicho haliuoni, mlio wake hukatika. Ngi. Kisha kimya.

Miaka minne Mama Geji hakutundika kitu pale. Kranki zote alizipeleka kwa jirani mwenye mashine ya sumaku, zikamwagiwa poda inayoonyesha nyufa. Alisema mashine haibahatishi. Ni kweli, haibahatishi, lakini sababu haikuwa hiyo.

Nyumbani kwake vijiko vilikuwa vya mbao na vikombe vya plastiki. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alilivumilia jambo hilo kwa mzaha. "Nyumba hii ina kimya cha chumba cha mtihani," alisema. "Siku moja hata mimi nitaambiwa nikoroge chai kwa kidole." Mama Geji alicheka. Hakumwambia kwamba kijiko cha bati kikigusa glasi, yeye husubiri kusikia mlio utakatikia wapi.

Na gerejini aliusikia bila kijiko wala glasi. Ilikuwa mchana, hasa ule mchana mzito kabla ya mvua, umeme ukikatika na redio ya jirani ikazimika nao. Ngi. Kisha kimya. Ulitoka juu ya boriti. Aliinua kichwa akaona ndoano inatikisika, kidogo tu, kama ndoano iliyotoka kutuliwa mzigo. Alijiambia ni upepo. Akaenda kufunga dirisha, akakuta limefungwa.

Aliyekuwa akimsumbua alimjua. Alikuwa kaka yake, mkubwa wake kwa miaka sita, aliyemfundisha kushika spana kabla hajajua kusuka nywele. Watu walimwita Breki, kwa kejeli, kwa kuwa alizikanyaga kwa nadra sana. Walikuwa mtu na kivuli chake: yeye anaunda injini, kaka anaipandisha mlimani siku ya mashindano. Siku tatu kabla ya mashindano ya mwisho waligundua kwamba beringi imeikwaruza kranki ya gari vibaya. Mpya ilikuwa njiani, haijafika. Stoo palikuwa na moja ya akiba, ya chuma cha kusubu, iliyokwisha kusagwa mara mbili. Mama Geji aliitundika, akaigonga.

Ngi.

Alijiambia ina oili iliyoganda kwenye vitundu vyake, maana uchafu nao hukata mlio. Akaiosha kwa petroli. Alipotaka kuigonga tena, kaka aliingia kwa kelele zake, akamnyang'anya nyundo, akaigonga mwenyewe. Mlio ulikuwaje? Mpaka leo hawezi kuapa. Alichokumbuka ni uso wa kaka, jinsi ulivyotulia kidogo, kisha ukatabasamu.

"Kengele ya shule hiyo," kaka alisema. "Funga, dogo."

Akafunga. Jumamosi, gari likiwa katikati ya mlima, kranki ilikatika, magurudumu ya nyuma yakajifunga, gari likaacha barabara. Jumatatu walimzika.

Injini iliyovunjika waliirudisha gerejini. Mama Geji aliifungua mpaka kufikia pale palipomlazimu kuangalia, kisha akaacha. Vipande vya kranki alivifunga kwenye blanketi, akavitia kwenye sanduku, sanduku akalitia kufuli. Fundi anayejua kusoma chuma angevitazama vipande vile dakika moja akajua kisa chote. Yeye alijua kusoma chuma kuliko wote mtaani, ndiyo maana hakutazama.

*

Mjane wa Breki alifika asubuhi moja, akiwa mbele kwenye gari la kuvuta, na nyuma yake gari la marehemu limefunikwa turubai. Marafiki wa klabu ya mashindano walikuwa wamelinyoosha bodi kwa huruma, wakalirudisha uani kwake bila injini. Yeye na Mama Geji walikuwa mawifi waliopendana zamani. Tangu msiba walikuwa wakisalimiana kwa ncha za vidole, kwenye arusi na vilio, basi.

"Hodi, wifi."

"Karibu, wifi. Za siku nyingi?"

"Za siku nyingi unazo wewe." Alishuka, akajipangusa vumbi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, kazi yake kupiga picha za mifupa hospitalini. "Nimekuletea gari. Nataka uliundie injini."

Mama Geji alilitazama turubai. "Unaliuza?"

"Naliendesha. Mlimani."

"Wifi!"

"Unashtuka nini? Kaka yako si alinifundisha? Mazoezi ya klabu nimepanda mara ngapi mbele ya macho yako?" Alishika ncha ya turubai, akaikunja. "Miaka minne gari hili liko uani. Watoto wa jirani wanalizunguka kama kaburi. Nikifungua dirisha la jikoni, linanitazama. Nikilifunga, najua bado linanitazama. Nimechoka, wifi. Ama litembee, ama liondoke, na kuliondoa nimejaribu, nimeshindwa."

Mama Geji alitaka kusema mafundi wako wengi. "Basi liingie ndani," alisema. "Ngoja nifungue geti."

"Lakini nina sharti moja," wifi akasema. "Kila kitakachoingia kwenye injini hiyo, nitakuwepo kikichaguliwa."

*

Duka la vipuri vya mashindano lilikuwa ng'ambo ya soko, la mtu mmoja aitwaye Bwana Sanduku, kwa sababu duka lake lote lilikuwa masanduku na yeye mwenyewe Mungu alimpa umbo hilohilo. Alikuwa msemaji hodari. Ilisemekana akianza kuusifu msumari, mteja huondoka na mlango.

Alipanga kranki tatu mezani, juu ya gazeti, kama muuza samaki.

"Dada zangu, mimi sisemi kitu, chuma ndicho kitasema," alianza, kisha akasema robo saa nzima. Ya kwanza ilikuwa ya kusubu: chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Ya pili ilikuwa ya kufua: chuma kilichopondwa kikiwa chekundu mpaka nyuzi zake zikafuata umbo. Ya tatu ilikuwa imechongwa kutoka gogo moja la chuma, inang'aa kama kioo, na mkono wake, ule unaosukuma pistoni, ulikuwa mrefu kuliko wa zile mbili. "Hii ya tatu," alisema akiipapasa, "ukiifunga, jirani atatoka nje kutazama ndege. Nguvu ya kumwaga. Waungwana hawatazami nyingine."

"Mimi si muungwana, mimi ni fundi," alisema Mama Geji. Alimgeukia wifi yake. "Mkono ukiwa mrefu, pistoni inavutwa mbali zaidi kwa muda uleule. Inabidi ikimbie zaidi, na konrodi, fimbo inayoiunga na kranki, inanyooshwa zaidi. Kwenye tambarare, sawa. Mlimani mguu hautoki kwenye mafuta kuanzia chini mpaka juu. Hapo unaiomba injini kitu ambacho siku moja itakunyima."

Bwana Sanduku aliguna. "Mama Geji, wewe ungekuwa daktari wagonjwa wangekufa kwa vipimo."

Wifi hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya ile kranki ya kwanza.

"Ya kaka yako ilikuwa ipi kati ya hizi?"

Bwana Sanduku alijifanya kutafuta kitu chini ya meza.

"Hiyo," Mama Geji alijibu. "Ya kusubu. Yake ilikuwa imesagwa mara mbili, ikakonda."

Wifi aliigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemgusa mgonjwa. "Imetulia tu," alisema. "Haina sura ya kuua."

Mama Geji aliivuta ile ya kufua. Aliingiza kidole chake kidogo kwenye kona, pale sehemu inayozunguka ndani ya beringi inapokutana na bega la kranki, akakipitisha polepole, kona baada ya kona. "Kona hizi lazima ziwe na mviringo," alieleza. "Kona kali hukusanya mzigo wote mahali pamoja. Ufa ukizaliwa, huzaliwa hapa."

"Na ya kwake ulizaliwa hapo?"

"Sijui."

"Hujui?" Wifi alinyanyua macho. "Wewe?"

Mama Geji alichagua kranki ya kufua, mkono wa urefu uleule wa kiwandani. Alichagua pistoni za kufua, na akamwonya wifi kwamba asubuhi injini ikiwa baridi zitagongagonga kidogo kwenye silinda, asiogope, zikipata moto hujaa zikanyamaza. Alichagua konrodi nene zenye mgongo wa herufi H, na boliti zake mpya, na beringi za saizi mbili tofauti ili apate kuchanganya mpaka nafasi ya oili iwe sawasawa. Mikono ilifanya kazi yake ya kila siku. Kichwani kulikuwa na swali moja tu, nalo alilijua litaulizwa kabla hawajafika gerejini.

Liliulizwa kwenye gari, taa zilipowazuia barabarani.

"Ile iliyovunjika iko wapi, wifi?"

"Stoo."

"Nataka kuiona."

*

Stoo ilikuwa na dirisha moja la juu, na mwanga wa saa nane uliingia kama ubao mweupe ukatua sakafuni. Mama Geji alilivuta sanduku mpaka kwenye mwanga. Kufuli lilikuwa limeshika kutu. Ilibidi alitie petroli, asubiri. Katika kusubiri kule aliusikia ule mlio nyuma yake, karibu kuliko siku zote. Ngi. Aligeuka ghafla.

"Nini?" wifi aliuliza.

"Umesikia kitu?"

"Sijasikia." Lakini wifi naye alikuwa ameukunja mkono kifuani kama mtu aliyepitiwa na baridi.

Sanduku lilifunguka. Blanketi lilikuwa limenyonya oili yote, kwa hiyo chuma kilikuwa hakijashika kutu hata kidogo. Kilitoka kibichi, kana kwamba kilivunjika juzi. Vipande viwili. Mama Geji alikishika kimoja akakigeuza, uso uliovunjika ukatazama juu. Mara ya kwanza katika miaka minne, akautazama.

Nusu ya uso ule ilimeta chembechembe kama sukari. Hapo ndipo palipokatika Jumamosi ile, kwa mara moja. Nusu ya pili ilikuwa laini, nyeusi, na mistari imepindana juu yake, mmoja nje ya mwingine, kama pete za gogo la mti. Pete zote zilianzia konani, mahali padogo kuliko punje ya mchele.

Wifi yake alikuwa amechuchumaa kando, anangoja. Mama Geji aliona wazi kwamba angeweza kusema lolote. Chuma kilichoka, kazi ya Mungu haina makosa, hakuna aliyeweza kujua. Nani angembishia?

"Ufa ulikuwepo," alisema. Aligusa ile nusu nyeusi. "Hapa palikuwa pamepasuka kabla hatujaifunga. Oili ilikuwa inaingia na kutoka, ndiyo maana ni peusi. Nusu ya kranki ilikuwa imekufa, na nusu iliyobaki ndiyo iliyompandisha mlimani. Na mimi nilisikia. Niliigonga, mlio ukakatika. Nikajidanganya ni uchafu. Nilisikia, wifi, nikafunga."

Alisubiri kofi. Alisubiri kelele. Wifi aliendelea kutazama kipande.

"Najua kwamba ufa ulikuwepo," alisema mwishowe. "Mfupa uliovunjika siku moja na mfupa uliopasuka zamani ukaja kumalizika, haiwi na sura moja. Kazi yangu ni hiyo kila siku. Ulipokigeuza tu, niliona. Nilitaka kusikia utasema nini."

"Basi umesikia."

"Nimesikia. Sasa na wewe sikia." Sauti ilimtoka kwa shida, kama mtu anayesukuma kabati. "Alijua. Alipotoka hapa siku ile alikuja nyumbani, akavua viatu, akaniambia: ile kranki mlio wake mfupi. Nikamwuliza, umemwambia dada yako? Akasema, nikimwambia ataona simwamini. Yule mkono wake haukosei. Kama kungekuwa na kasoro asingeipitisha."

Mama Geji alikaa chini, sakafuni, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Akaniuliza," wifi aliendelea, "akaniuliza mimi, unaonaje, tuache mwaka huu? Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Nilikuwa nimeshapanga nguo. Nikamjibu, kama dada ameipitisha, imepita, usitafute maneno. Hayo ndiyo nilimwambia, wifi. Usitafute maneno." Alisimama. "Miaka minne nimekukwepa, watu wanadhani nimekukasirikia. Nilikuwa naogopa ungeniuliza aliongea nini siku zile za mwisho."

Mwanga ulikuwa umesogea, umefika kwenye blanketi. Hakuna aliyemkumbatia mwenzake. Wifi alichukua mkoba wake akaondoka, akaliacha geti wazi nyuma yake.

*

Wiki tatu zilipita. Masanduku ya Bwana Sanduku yalikaa mezani bila kufunguliwa. Mama Geji alimweleza mumewe kila kitu, wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya nyuma asubuhi ya Jumapili, na mwalimu yule ambaye hakukosa mzaha safari hii alikosa. Alimshika tu mkono wenye oili, akaushika muda mrefu. Baadaye akasema, "Kwa hiyo kila mmoja alimwegemea mwenzake, na ukuta haukuwepo." Mama Geji akasema ndiyo, hivyo hivyo.

Jumatatu ya wiki ya nne wifi alirudi, amevaa ovaroli. Ilikuwa ya marehemu, imepunguzwa mikono.

"Sijakusamehe," alisema mlangoni. "Sijui hata nianze na nani, wewe au mimi au yeye. Lakini injini nataka."

"Vua viatu," Mama Geji akamwambia. "Chumba cha nyuma hakiingiwi na viatu."

Ile kranki ya kufua ilikuwa imekwisha kupita kwenye mashine ya sumaku, na poda haikuonyesha hata unywele. Mama Geji alikuwa anataka kuilaza mezani, wifi akamzuia.

"Itundike."

"Mashine imeshapima."

"Mashine haikuwa na mume. Itundike."

Akapanda kigoda, akaitundika. Nyundo alimpa wifi, wifi akamrudishia. Ikabidi agonge yeye. Mlio ulitoka mnene, ukapanda, ukajaza chumba, ukapita kwenye madirisha, na ukawa unaendelea wakati wao wamekwisha kushusha pumzi. Walisimama wakiusikiliza mpaka hawakujua tena kama wanausikia au wanaukumbuka. Wifi alikuwa analia bila sauti. Mama Geji hakulia. Alikuwa anawaza kwamba huu ndio mlio aliopaswa kuudai siku ile, na kwamba kuupata leo hakukumrudisha mtu.

Kisha wakafanya kazi. Walipima kila shingo ya kranki, sehemu inayokaa ndani ya beringi, mara tatu, na mara ya tatu alipima wifi. Walilaza uzi mwembamba wa plastiki kati ya beringi na chuma, wakakaza, wakafungua, wakasoma umebonyea kiasi gani. Pistoni na konrodi walizipima uzito, wakasugua nzito ilingane na nyepesi, mpaka seti nzima ikatofautiana kwa kitu kama vumbi. Boliti za konrodi hawakuzikaza kwa nguvu ya mkono bali kwa kupima zimevutika kiasi gani, na kila moja walitia alama ya rangi walipoimaliza. Mmoja alisema namba, mwingine akairudia kwa sauti. Mama Geji akisema "imekaa," wifi aliuliza "una hakika?" na Mama Geji alifungua upya akaonyesha. Haikuwa matusi tena. Ilikuwa kazi.

Lakini hawakuwa wawili mle ndani. Mama Geji aliligundua siku ya tatu. Kati yake na wifi, mbele ya meza, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na wote wawili walikuwa wakiizunguka. Spana ikiwa ng'ambo, walipita nyuma ya meza badala ya kupita pale. Hakuna aliyepangiwa hivyo. Alipoona wifi naye ameona, waliangaliana, kisha wifi akainama akaendelea kuhesabu boliti, na ile nafasi wakaiacha wazi mpaka injini ilipofungwa.

*

Siku ya mashindano Mama Geji hakupanda juu. Alikaa chini penye mstari wa kuanzia, na redio ya msimamizi masikioni, akisikia injini yake ikienda, ikikunja, ikienda. Ndani ya dakika zile aliiona kranki kama vile kifuniko kimetolewa, aliona kila boliti na alama yake ya rangi. Msimamizi alipotangaza kwamba gari limevuka mstari wa juu, alitafuta mahali pa kukaa akakosa, akakaa kwenye tairi.

Wifi alimaliza wa tisa kati ya kumi na wanne. Bwana Sanduku, aliyekuja kutazama, aliwaambia watu wote kwamba kranki ilikuwa yake, na wa tisa kwa mara ya kwanza ni kama wa pili.

Jumanne gari lilirudi gerejini kwa ukaguzi. Mama Geji alilala chini ya gari, akafungua sahani ya oili, akatoa kifuniko kimoja cha beringi, akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa safi, kijivu, bila mkwaruzo. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa maji, bado hajasema neno juu ya mlima.

"Wifi," alisema, "nikikuambia kitu utasema nimechanganyikiwa."

"Sema."

"Pale juu, kona zilipoanza kubana, nilimsikia anacheka. Si kichwani. Kando yangu, pale kwenye kiti. Anacheka kama anavyocheka mtu akikuona umechelewesha gia."

Mama Geji aliweka kifuniko chini. Hakuinua kichwa kutazama popote.

"Alicheka vipi?"

Wifi alifungua mdomo. Akavuta pumzi, akajaribu kumwigiza, akatoa sauti ambayo haikuwa yake wala ya mtu mwingine. Akatikisa kichwa. Akajaribu tena.

"Hapana," alisema. "Siiwezi. Jaribu wewe."

Mama Geji alijaribu. Naye hakuiweza. Walibaki pale, mmoja kwenye kigoda na mmoja chini ya gari, kila mmoja akijaribu kwa zamu kukumbuka jinsi mtu mmoja alivyokuwa akicheka, mpaka oili ilipokwisha kudondoka kwenye beseni na ikawa lazima waendelee na kazi.